Kitundu cha Paja Hakimalizi Kazi

Ami yangu alikwenda kupimwa tezi dume, akarudi na habari ya aota. Dada aliyekuwa akimpima kwa altrasaundi alimaliza kile alichotumwa, kisha badala ya kumpa karatasi ajifute ule ute baridi, akakipandisha kipimo hadi usawa wa kitovu, akanyamaza. Mimi nimesimama kando, nimemshikia kofia na bakora yake. Kwenye kioo lilionekana duara jeusi linadunda. Akaweka kialama ukingo huu, na kialama ukingo ule, namba ikatokea chini: sentimita 6.1. Akapima tena. 6.1.

"Babu, umewahi kuambiwa una mshipa mkubwa tumboni?"

"Nimeambiwa nina presha, kifua kibovu, na moyo umetanuka," ami akamjibu huku akijiinua. "Huo mshipa ndiyo kwanza nausikia kwako, mwanangu."

Aota ndiyo mshipa mkuu wa damu. Inatoka moyoni, inapanda, inapinda kama mshikio wa bakora, kisha inateremka mbele ya uti wa mgongo hadi usawa wa kitovu, inapogawanyika kwenda miguu miwili. Tumboni, kwa mtu mzima, upana wake ni kama sentimita 2. Ikifika 3 huhesabiwa imetutumka. Ikifika 5.5 kwa mwanamume, au 5 kwa mwanamke, madaktari huanza kuzungumza juu ya kuitengeneza, maana kuanzia hapo khofu ya kupasuka huanza kuishinda khofu ya matibabu. Aliyewahi kupanda baskeli yenye tairi lililolika anaifahamu habari hii bila ya somo: mpira wa ndani hutoa bonge mahali palipolika, na bonge likikua ukuta wake huzidi kuvutwa na kuwa mwembamba. Halirudi lenyewe. Aota ikipasuka, ukiwahesabu pamoja wanaofia nyumbani na njiani, takriban watu 8 kati ya 10 hufariki.

Visiwani kwetu Zanzibar vifo hivi havihesabiwi. Mzee anashikwa na maumivu ya mgongo na tumbo, wenyewe wanasema chango, wengine wanasema figo, anakandwa maji ya moto, anatoka jasho la baridi, anafariki. Anazikwa Alasiri. Watu wanasema presha imempanda, na hakuna wa kusema sivyo, kwa sababu hatupasui maiti zetu kutafuta sababu, na sidai tuanze kuzipasua. Ninachosema ni kwamba mtu akiniambia ugonjwa huu haupo Pemba, namuuliza kaupimia wapi.

Tangu siku ile nimesikia maneno mengi barazani, na kila aliyesema alitutakia kheri. "Siku hizi hakuna kupasuliwa. Wanatoboa kitundu pajani, wanapitisha mrija, kesho kutwa yupo nyumbani anakunywa uji." Ni kweli. Lakini kwa mgonjwa kama ami, mwenye mapafu na moyo visivyohimili kisu, huo ni ukweli uliokatwa katikati. Mgonjwa dhaifu anastahili majibu mawili kabla ya kitundu. Ataishi muda wa kutosha kufaidika na mrija huo? Na ukishaingia, nani atauangalia? La kwanza madaktari wa nje wameshalifanyia kazi kubwa, ingawa majibu yao hayafiki barazani. La pili ni letu sisi, na hapo ndipo penye kidonda changu.

Kwa njia ya zamani, tumbo hufunguliwa kuanzia chini ya kidari hadi chini ya kitovu, matumbo husogezwa kando, aota hubanwa kwa koleo, kisha bomba la kitambaa hushonwa mahali pa uvimbe. Charles Dubost aliifanya Paris mwaka 1951 kwa kipande cha mshipa uliotoka kwa maiti. Baadaye Michael DeBakey wa Houston akashona mabomba ya kitambaa cha Dacron kwa cherehani ya nyumbani, na kazi hiyo ikaenea duniani. Ni kazi imara. Aliyeshonwa vizuri anaweza kukaa na bomba lake umri wote asilikumbuke. Shida ipo pale koleo linapobana: moyo unajikuta unasukuma damu kwenye njia iliyozibwa, na koleo likiachiwa presha inaporomoka kwa ghafla. Moyo wenye afya huvuka mtihani huo. Moyo uliotanuka, juu ya mapafu yaliyovuta sigara miaka arubaini, huenda usivuke.

Kwa ajili ya watu hao ndipo ilipotafutwa njia ya ndani. Nikolai Volodos aliingiza mrija wa kitambaa katika aota ya kifua huko Kharkiv, Ukraine, mwaka 1987. Tarehe 7 Septemba 1990, Juan Parodi wa Buenos Aires akafanya hivyo kwa aota ya tumbo. Mgonjwa wake wa mwanzo alikuwa na mapafu mabovu mno, hakuna aliyethubutu kumfungua tumbo. Jambo hili naomba msomaji alishike, kwa sababu nitalirudia: mbinu hii ilizaliwa kwa ajili ya mtu aliyekataliwa na kisu.

Daktari aliyetuona Dar es Salaam alikuwa na sampuli ya mrija huo mezani, akampa ami aushike. Nguo yake nyembamba kama ya mwavuli, imeshonewa waya uliokunjwa kunjwa mviringo mzima, ukiutazama kwa mbali kama dema jembamba lisilo na mlango. Juu ni bomba moja, chini unagawanyika miguu miwili kama suruali. Daktari akautia katika maji ya barafu, ukalegea, akaukunja kwa vidole. Akautia katika maji ya vuguvugu, ukafunguka wenyewe. Ndani ya mwili joto letu ndilo linaloufungua. Unakunjwa ndani ya mpira usiofika unene wa kidole, unapitishwa katika mshipa wa paja chini ya picha ya eksirei, unafunguliwa chini kidogo ya mishipa ya figo. Damu inapita ndani ya mrija, na lile bonge la nje linabaki bila ya msukumo. Si lazima mgonjwa alazwe kwa nusu kaputi. Ganzi ya pajani hutosha, naye huku anazungumza.

Ami akaugeuza geuza. "Na unashikwa na nini usiteremke?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote tuliyouliza sisi tuliosoma. Unashikwa na nguvu ya waya wenyewe na vijino vidogo, dhidi ya kipande cha aota nzima kilichobaki baina ya mishipa ya figo na uvimbe. Kipande hicho kinatakiwa kiwe na urefu wa kama milimita 15 na kisiwe kimepinda sana. Kikikosekana, ipo mirija yenye matundu ya kupitishia damu ya figo, inayoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na husubiriwa kwa wiki kadhaa. Kwa hivyo si kila uvimbe unaofaa kitundu. Picha ya CT, ile eksirei inayoonesha mwili kipande kwa kipande, ndiyo inayoamua. Fedha za kuuza shamba haziwezi kuamua hilo.

Sasa twende kwenye hesabu. Waingereza walifanya majaribio mawili makubwa kuanzia mwaka 1999. Katika la kwanza, EVAR 1, waliwachukua wagonjwa 1,252 wenye nguvu za kuhimili njia yoyote, wakawagawa kwa bahati nasibu. Ndani ya siku 30, katika kila wagonjwa 100, kundi la mrija lilipoteza 1.8, na kundi la kisu 4.3. Ushindi wa wazi. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka 15, faida ile ilikwishapotea, na baada ya mwaka wa 8 waliopasuliwa ndio waliokuwa wakiishi zaidi, kwa sababu mirija mingine ilikuwa imevuja na uvimbe ukapasuka nyuma yake.

Jaribio la pili, EVAR 2, ndilo la ami. Hapa walichukuliwa wagonjwa 404 ambao madaktari walisema hawafai kupasuliwa. Nusu wakapangiwa mrija, nusu wakaachwa na dawa tu. Waliotiwa mrija walifariki 7.3 katika kila 100 ndani ya siku 30, mara nne ya wale wenye nguvu. Kwa walioachwa, uvimbe ulipasuka kwa kiwango cha 12.4 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Miaka ilivyokwenda, mrija ulipunguza vifo vinavyotokana na aota yenyewe. Hata hivyo, ukihesabu vifo vyote, makundi mawili yalilingana. Moyo, mapafu na saratani viliwachukua wale ambao aota haikuwachukua.

Nilikaa na namba hizo siku nyingi. Mbinu iliyozaliwa kwa ajili ya mtu dhaifu imekuja kumsaidia zaidi, katika mwezi wa mwanzo, mtu mwenye nguvu. Si kwamba mrija ni mbaya. Mrija unatibu aota, na mtu dhaifu ana magonjwa mengine matatu yaliyokaa foleni nyuma ya aota.

Haki inataka nitaje pia yale yanayosemwa na wanaoutetea mrija, na wana hoja. Vifaa vya miaka ile vilikuwa vinene kuliko vya sasa. Wapo waliopangiwa mrija wakafariki kwa kupasuka wakingali wanasubiri zamu. Na wapo makumi waliopangiwa kuachwa ambao hatimaye walitiwa mrija, kwa hivyo makundi yalichanganyika. Mimi hoja hizi nazikubali. Bado hazifuti somo kubwa, kwamba udhaifu wa mgonjwa hautibiwi kwa kupunguza ukubwa wa tundu.

Kwetu kuna desturi ya daktari kuwaita watoto wa kiume kwenye varanda na kuwaeleza huko, mgonjwa akabaki kitandani anahesabu feni. Tunaiita heshima. Nimeishi nayo, nimeifanya kwa marehemu mama yangu, na naijutia. Safari hii niliamua kumwambia ami kila kitu, nikachukua kokwa za tende nikazipanga juu ya mkeka: hawa 100, hawa 7 mwezi wa mwanzo, hawa 12 kwa mwaka wakiachwa. Akazitazama muda mrefu.

"Yaani unanambia mshipa ukishafungwa, kitakachoniua ni kifua na moyo?"

"Huenda, ami."

"Basi kwa nini hatuanzi navyo?"

Shangazi, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akasema kwa sauti, "Ngoja ngoja yaumiza matumbo," na kwa ugonjwa ule alikuwa na haki ya kusema. Mzozo wa nyumba nzima ulikuwa hapo. Ukingoja unacheza na 12.4. Ukikimbilia, unampeleka mezani mtu anayehema akivaa viatu. Niliigawa 12.4 kwa nne: miezi mitatu ya matayarisho ingetugharimu kama khofu ya 3 katika 100. Kama miezi hiyo ingeishusha ile 7.3 kwa kiasi cha kutosha, ilikuwa biashara inayofaa. Daktari wa Dar alituambia ndiyo hesabu anayoifanya yeye pia kichwani, isipokuwa angekuwa ameona uvimbe unauma au unakua haraka, hapo asingengoja hata wiki.

Miezi mitatu hiyo ndiyo sehemu ya matibabu isiyosimuliwa na mtu barazani, na mimi naiona ndiyo iliyomvusha. Sigara aliacha siku ya pili. Sigara ndiyo inayoula ukuta wa aota kuliko kitu kingine chochote ambacho mtu anaweza kukiacha. (Ajabu mojawapo ya maradhi haya: kisukari, kinachoharibu karibu kila mshipa, hakiongezi uvimbe wa aota ya tumbo, wenye kisukari huupata kwa uchache kuliko wengine.) Dawa za moyo zilipangwa upya. Alifundishwa kuvuta ile dawa ya kifua inavyotakiwa, maana miaka yote alikuwa anaipulizia ulimini. Presha ilipimwa asubuhi na jioni na kuandikwa. Akaanza kutembea: wiki ya kwanza hadi msikitini, ya nne hadi sokoni, ya kumi hadi kwenye mikarafuu yake na kurudi bila ya kukaa chini njiani. Chumvi ilipunguzwa, na hilo ndilo lililoleta ugomvi kuliko kuacha sigara.

Akatiwa mrija India, kwa ganzi ya mapaja mawili. Karafuu za msimu mzima, mchango wa ndugu, na deni. Siku ya tatu alikuwa amesimama dirishani anauliza kibla ni upande gani.

Tuliporudi nyumbani tulikuwa na bahasha yenye sidii ya picha na karatasi moja. Karatasi iliandikwa wazi: picha ya CT baada ya mwezi 1, baada ya mwaka, kisha uangalizi kila mwaka maisha yake yote. Ya mwezi mmoja tuliipata Unguja bila ya taabu. Ya mwaka tulikwenda hospitali moja, faili halipo. Tukaenda nyingine, kijana wa dirishani akaisoma karatasi, akamtazama mzee aliyesimama wima mbele yake, akasema, "Huyu mbona mzima? Arudi akiumwa." Simlaumu yule kijana. Hakuna aliyemwambia kwamba mrija ukivuja hauumi.

Unavuja kwa namna kadhaa. Damu inaweza kupenya ukingoni, pale waya uliposhikilia, ikaingia tena katika bonge kwa nguvu zake zote. Huu ni uvujaji wa hatari na haungojewi. Inaweza kurudi kinyumenyume kupitia vijishipa vidogo vinavyotoka kwenye bonge lenyewe. Huu mara nyingi huachwa na kutazamwa, maadamu bonge halikui. Viungo vya mrija vinaweza kuachana. Mrija unaweza kuteremka. Katika yote haya mgonjwa anakula, anasali, anacheka na wajukuu, mpaka siku bonge linapopasuka kama ambalo halikuwahi kutibiwa. Ndiyo maana nasema kitundu cha paja hakimalizi kazi. Aliyepasuliwa tumbo amelipa gharama yake kubwa mwanzo. Aliyetiwa mrija analipa kidogo kidogo, kila mwaka, kwa kuangaliwa, na asipoangaliwa deni linajikusanya kimya kimya.

Mwezi wa 14 tulirudi kwa dada yuleyule wa altrasaundi, kwa sababu hatukuwa tena na pa kwenda. Alitulaza bila ya kuuliza faili. 6.6. Bonge lilikuwa limekua nusu sentimita juu ya mrija tuliouzia karafuu. Picha ya CT ikaonesha mguu mmoja wa mrija umelegea ukingoni, damu inapenya chini. Safari ya pili, deni la pili, kitundu cha pili, kipande cha mrija kikaongezwa. Uvujaji huo ungeonekana mapema kwa altrasaundi ya dakika tano.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufuatilia malaria, kwa pikipiki, na hapa ndipo ninapopata uchungu usioisha. Tangu 2012 mgonjwa mmoja wa malaria akigundulika katika kituo chochote Unguja au Pemba, taarifa yake inaingia kwenye simu, ofisa wa wilaya anaipokea katika kishikwambi, anakwenda kituoni, anakwenda hadi mlangoni kwa mgonjwa, anawapima wote wanaolala nyumba ile. Nimevuka vidimbwi vya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, wakati wa masika kumtafuta mtoto mmoja ambaye baba yake alitaja jina la mtaa kimakosa. Nilimpata. Wenzetu wa kichocho nao walikuwa wanazunguka skuli na vijiji na vidonge, na maabara ya Wawi inahesabu mayai ya vidudu kikombe kwa kikombe. Visiwa hivi vinajua kumfuata mtu hadi kwake. Visiwa hivyo hivyo vilimwambia mzee mwenye waya ndani ya aota yake arudi akiumwa.

Kwa hivyo nikisikia, kama ninavyosikia sasa, kwamba Zanzibar inafaa kununua chumba cha kisasa cha upasuaji wa mishipa ili wagonjwa wasisafiri, nashindwa kuungana na wanaoshangilia. Sisi ni watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022. Wagonjwa wa kutiwa mrija wa aota kwa mwaka watakuwa wachache, na katika kazi hii mkono unaofanya mara chache hukosea mara nyingi. Hilo limethibitika nchi nyingi. Mkono huo na ukae mahali wagonjwa wa Tanzania nzima wanapokusanyika, kama ilivyo kwa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Sisi tubaki na yale matatu ambayo hakuna wa nje anayeweza kutufanyia: kumgundua mgonjwa, kumtayarisha, kumfuata.

Kumgundua hakuhitaji mashine mpya. Uingereza humwita kila mwanamume wa miaka 65 apimwe tumbo mara moja. Sisi hatuna haja ya kuiga mpango huo wote. Wazee wetu wanaume wanafika wenyewe kwenye vyumba vya altrasaundi kwa ajili ya tezi dume, kila wiki, kila wilaya. Kipimo kipo mkononi, ute umeshapakwa. Kukipandisha hadi kitovuni kwa mzee aliyepita miaka 65, hasa aliyewahi kuvuta sigara au ambaye ndugu yake alikuwa na ugonjwa huu, kunachukua dakika moja. Naomba iwe amri ya Wizara, iandikwe kwenye ukuta wa kila chumba cha altrasaundi, isitegemee huruma ya dada mmoja.

Kumfuata nako kunaanza na orodha. Kila aliyerudi visiwani na mrija, vali ya moyo au stenti, kile kijibomba cha waya cha kuuacha mshipa wazi, awe na namba moja, awe na mtu anayempigia simu mwezi wake ukifika. Wahudumu wa mpango wa Jamii ni Afya wanapita nyumba kwa nyumba na simu zenye programu. Hawashindwi kuongezewa swali moja. Na kwa wagonjwa dhaifu hasa, wale ambao dawa ya rangi ya CT inaweza kuwaumiza figo, altrasaundi inayoonesha mwendo wa damu pamoja na eksirei ya kawaida ya tumbo hutosha miaka mingi, ikiwa bonge linasinyaa. CT ibaki kwa anayetiliwa shaka. Vipimo hivyo viwili havihitaji boti.

Kuna aina nyingine ya maradhi ya aota ambayo kwa presha yetu inanitisha zaidi, nayo ni kuchanika kwa ukuta wa ndani, damu ikajifungulia njia ya pili baina ya tabaka za mshipa. Maumivu yake ni ya ghafla, makali tangu sekunde ya mwanzo, kifuani au baina ya mabega, na humpata hata mtu wa miaka 40 aliyekuwa anasahau vidonge vyake. Ikichanika karibu na moyo inataka upasuaji wa haraka. Ikichanika sehemu inayoteremka, na viungo vinapata damu, wengi hutulizwa kwanza kwa kushushiwa presha na mapigo ya moyo, mrija ukaja baadaye au usije kabisa. Nalitaja kwa sababu wengi wanaoumwa hivi hudhaniwa ni shambulio la moyo na kupewa dawa za kuyeyusha damu, dawa ambazo hapo ni hatari. Daktari kijana aliye zamu peke yake usiku katika mji wa Mkoani, Pemba, anastahili kufundishwa kupima presha ya mikono yote miwili kabla ya kuzitoa.

Mwezi uliopita nilimpeleka ami tena. Alipanda kitandani mwenyewe, akafungua vifungo vya kanzu kabla hajaambiwa. Duara lilikuwepo, jeusi, na ndani yake sasa yanaonekana maduara mawili madogo yenye ukingo mweupe, ndiyo miguu ya ule mrija. 5.8. Dada akapima tena: 5.8. Akavuta mtoto wa meza akatoa daftari la kurasa mia mbili alilolinunua dukani kwa fedha zake, akaandika tarehe na namba. Niliinama nikaona ukurasa una majina manne. La ami ni la pili. Pembeni ya jina la tatu nafasi za miezi mitano zilikuwa tupu, na dada alikuwa ameandika kwa penseli jina la kijiji na alama ya kuuliza. Nikamwomba anisomee. Ni huko huko Micheweni, nakujua.